Mahali pa Utii katika Wokovu wa Neema

Karibu kila Mkristo wa Afrika Mashariki, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana au Mpentekoste, hukiri kwamba mwanadamu huokolewa kwa neema ya Mungu, na ubishi huanza pale tu inapoulizwa amri, toba na matendo mema vina kazi gani katika wokovu huo. Swali hilo lilizua mgogoro kabla hata vitabu vya Agano Jipya havijakamilika kuandikwa, likawashughulisha maaskofu wa Afrika ya Kaskazini katika karne ya tano, likaipasua Ulaya katika karne ya kumi na sita, na katika karne ya ishirini likazuka upya kwenye vilima vya Rwanda na Uganda miongoni mwa watu waliokuwa wamekwisha kubatizwa. Historia hiyo ndefu, ikisomwa kwa utulivu, huonyesha kwamba waliogombana hawakutofautiana sana juu ya kiasi, yaani neema iwe kiasi gani na utii uwe kiasi gani, kama walivyotofautiana juu ya mfuatano: kipi hutangulia, na kipi huzaliwa na kingine.

Neema katika mafundisho ya Kikristo ni fadhili ambazo Mungu humtendea mtu asiyezistahili na asiyeweza kuzidai, nayo ina pande mbili: ni msamaha unaomwondolea mtu hatia, na ni nguvu inayomwezesha kuishi upya. Imani ni zaidi ya kukubali kwamba Mungu yupo, kwa kuwa Waraka wa Yakobo unakumbusha kwamba hata mashetani wanaliamini hilo nao hutetemeka. Imani iokoayo ni kumtegemea Mungu kwa moyo na kujikabidhi kwake. Utii ni kuyatenda mapenzi ya Mungu kama yalivyofunuliwa katika amri zake na katika maisha ya Kristo. Wokovu nao husemwa katika Agano Jipya kwa nyakati zote tatu, kama jambo lililokwisha kutendeka msalabani, linaloendelea sasa, na litakalokamilika siku ya mwisho. Kuzisahau nyakati hizo tatu ndiko kunakowafanya watu wawili wabishane bure, mmoja akisema amekwisha kuokoka na mwingine akisema anangoja kuokolewa, hali kila mmoja ameshika ncha moja ya fundisho lile lile.

Mfuatano unaozungumzwa hapa haukubuniwa na mtume Paulo. Katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli wanatoka Misri na kuvuka bahari ifikapo sura ya 14, ilhali Amri Kumi hawapewi mpaka sura ya 20, tena amri hizo zinatanguliwa na tamko ambalo Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyekwisha kuwatoa katika nyumba ya utumwa. Wokovu uliwafikia watumwa ambao hawakuwa na mbao za sheria mikononi, na sheria ikawafikia watu huru kama njia ya kuishi pamoja na Yule aliyewakomboa. Kwa hiyo, mhubiri anayelieleza Agano la Kale kuwa dini ya matendo, kisha akalieleza Agano Jipya kuwa dini ya neema, analikosea Agano la Kale, na mara nyingi huishia kulikosea Jipya pia, kwa sababu huwafanya wasikilizaji wadhani kwamba Mungu alibadili tabia yake katikati ya safari.

Mgogoro wa kwanza ulitokea kati ya miaka ya 40 na 50 baada ya Kristo, baada ya watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kuanza kumwamini Kristo kwa wingi katika mji wa Antiokia na katika miji mingine ya eneo ambalo leo ni Uturuki. Walikuja walimu waliofundisha kwamba waamini hao hawawezi kuokoka wasipotahiriwa na kuishika sheria ya Musa, na mkutano wa mitume na wazee uliofanyika Yerusalemu, unaosimuliwa katika sura ya 15 ya Matendo ya Mitume, ukaamua kwamba wasitwikwe mzigo huo, baada ya Petro kusema kwamba Wayahudi na Mataifa huokolewa kwa njia moja, nayo ni neema ya Bwana Yesu. Hata hivyo, uamuzi ni jambo moja na meza ya chakula ni jambo jingine. Paulo anaeleza katika sura ya pili ya Waraka kwa Wagalatia jinsi Petro, aliyekuwa akila pamoja na Mataifa huko Antiokia, alivyojitenga nao walipofika watu waliotoka kwa Yakobo, na jinsi hata Barnaba alivyochukuliwa na unafiki huo, hadi Paulo akamkemea Petro mbele ya watu wote. Petro hakuwa amekana fundisho lolote kwa kinywa. Kosa lake lilikuwa kuondoka mezani, na kuondoka huko kulitosha kuwaambia Wakristo wa Mataifa kwamba damu ya Kristo haikuwatosha mpaka waongeze kitu. Wasomaji wengi hulipita tukio hili haraka, ingawa ndilo linaloonyesha waziwazi kuliko mengine yote kwamba fundisho la neema hujulikana limeshikwa au limeachwa kwa kutazama watu wanakaa na nani, wanakula na nani, na wanamhesabu nani kuwa mwenzao.

Paulo alipoieleza hoja yake kwa utaratibu katika Waraka kwa Warumi, yapata mwaka 57, alimwita Abrahamu kuwa shahidi. Kitabu cha Mwanzo kinasema katika sura ya 15 kwamba Abrahamu alimwamini Mungu naye akahesabiwa haki, na neno hilo la kuhesabiwa haki, lenye sura ya mahakamani, humaanisha kwamba hakimu amemtamka mtu kuwa hana hatia na ana nafasi yake halali mbele yake. Tohara, ambayo wapinzani wa Paulo waliifanya sharti, haionekani mpaka sura ya 17, wakati ambapo Abrahamu ana umri wa miaka 99, na kwa kuwa Ishmaeli alizaliwa baada ya ahadi ile, Abrahamu akiwa na miaka 86, kuna zaidi ya miaka 13 kati ya imani iliyohesabiwa na alama iliyotiwa mwilini. Paulo anasisitiza mpishano huo wa miaka: Abrahamu alikubaliwa akiwa bado hajatahiriwa, ndiyo maana anaweza kuwa baba wa waamini wa mataifa yote.

Yakobo naye anamtaja Abrahamu huyo huyo, lakini anamkuta katika sura ya 22, juu ya mlima, akiwa tayari kumtoa Isaka, na anahitimisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo, wala si kwa imani peke yake. Mwenye kuziweka nyaraka hizi mbili mbele yake na kuona zinapingana hana lawama, kwa kuwa hata Martin Luther aliona hivyo, na alipochapisha Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 aliuweka Waraka wa Yakobo karibu na mwisho kwa kuuona hauna uzito wa injili. Lakini ni vema kutazama kila mmoja alikuwa akisema na nani. Paulo alisema na watu waliotaka kuwafungia wengine mlango kwa kutumia tohara, siku takatifu na sheria za vyakula. Yakobo alisema na watu waliomwona ndugu yao hana nguo wala chakula, wakamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa chochote. Matendo anayoyakataa Paulo ni yale yanayotangulizwa kama ada ya kuingilia, na matendo anayoyadai Yakobo ni yale ambayo mtu aliyekwisha kuingia hawezi kuyakosa akaendelea kusema kwamba yumo. Zaidi ya hayo, Paulo mwenyewe anaufungua na kuufunga Waraka kwa Warumi kwa kutaja utii unaotokana na imani kuwa ndilo lengo la utume wake, jambo ambalo wanaomfanya Paulo kuwa adui wa utii hawalitaji.

Katika karne ya tano swali lilihama kutoka kwenye tohara hadi kwenye uwezo wa utashi, yaani nguvu ya mwanadamu ya kuchagua. Pelagius, mtawa mwenye asili ya Uingereza aliyefundisha Roma, alikerwa na Wakristo waliotumia udhaifu wa kibinadamu kuwa kisingizio cha uzembe, akafundisha kwamba Mungu asingetoa amri zisizowezekana, na kwamba mwanadamu, akiwa na utashi huru, sheria na mfano wa Kristo, anaweza kuishi bila dhambi akitaka. Nia yake ilikuwa safi, na haifai asimuliwe kama mtu mwovu. Aliyempinga ni Agostino, mzaliwa wa Thagaste na askofu wa Hippo, miji ambayo leo imo nchini Algeria, ambaye alijua kutokana na maisha yake kwamba mtu anaweza kuliona jema, akalitamani, na bado akashindwa kulifanya kwa miaka mingi. Kwake Agostino, neema isiyogusa utashi wenyewe haijamfikia mgonjwa mahali anapoumia, na amri bila neema huweza tu kumwonyesha mtu jinsi alivyofungwa. Alipenda kurejea maneno ya Paulo kwa Wafilipi, ambapo waamini wanaagizwa kuutimiza wokovu wao kwa hofu na kutetemeka, na papo hapo wanaambiwa kwamba Mungu ndiye anayetenda ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Mtaguso wa Kartago wa mwaka 418, uliokusanya maaskofu wa Kiafrika, ulilikataa fundisho la Pelagius, na mwaka 529 mtaguso mdogo uliofanyika Orange, kusini mwa Ufaransa, ukathibitisha kwamba hata mwanzo wa kuamini, ile shauku ya kwanza ya kumtafuta Mungu, ni zawadi ya neema. Hivyo Ukristo wa Magharibi ulijifunza msamiati wake wa neema kwa Waafrika, jambo linalofaa kujulikana zaidi katika makanisa ya bara hili.

Miaka elfu moja baadaye, fundisho hilo lilikuwa bado limeandikwa vitabuni, lakini maisha ya waamini wa kawaida yalikuwa yamezungukwa na hesabu za adhabu na malipo. Mwezi Oktoba 1517 Luther, mtawa wa shirika lililobeba jina la Agostino, alitoa hoja zake 95 kupinga uuzaji wa vyeti vya rehema, yaani hati zilizoahidi kumwondolea mtu adhabu ya muda iliyosalia baada ya dhambi kusamehewa, ambavyo sehemu ya mapato yake ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Nyuma ya hoja hizo kulikuwa na mateso ya dhamiri ya mtu aliyejaribu kwa saumu, kukesha na maungamo ya mara kwa mara kumridhisha Mungu, na ambaye hatimaye alielewa kwamba haki ya Mungu inayohubiriwa na Paulo ni ile ambayo Mungu humvika mwenye dhambi anayeamini. Luther hakuufuta utii; katika kijitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, cha mwaka 1520, alifundisha kwamba Mkristo, akiwa hana tena haja ya kujitafutia wokovu kwa matendo yake, sasa ana mikono huru ya kumhudumia jirani, kwa kuwa jirani ndiye anayeyahitaji matendo hayo.

Kanisa Katoliki lilijibu katika Mtaguso wa Trento, uliofanyika kwa vipindi kati ya 1545 na 1563, na hati yake juu ya kuhesabiwa haki, iliyopitishwa tarehe 13 Januari 1547, inastahili kusomwa na Waprotestanti wengi kuliko wanaoisoma. Kanuni yake ya kwanza inamlaani yeyote anayesema kwamba mtu anaweza kuhesabiwa haki mbele za Mungu kwa matendo yake bila neema, na mafundisho yake yanasema kwamba hakuna chochote kinachotangulia, iwe imani au matendo, kinachoweza kuistahili neema hiyo. Tofauti ya kweli ilikuwa juu ya kinachotokea baadaye. Luther alisema mwamini anabaki mwenye dhambi na papo hapo ni mwenye haki, kwa kuwa haki inayomfunika ni ya Kristo. Trento ikasema neema humimina utakatifu ndani ya mtu, humgeuza, naye akishirikiana nayo hukua na hata kustahili thawabu. Iliwachukua wana wa pande hizo mbili zaidi ya miaka 450 kuambizana kwa maandishi kwamba hukumu za zamani haziugusi tena upande wa pili: tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki, wakikiri kwamba Mungu humkubali mtu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, na kwamba Roho Mtakatifu huwafanya upya waliokubaliwa na kuwaita katika matendo mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na mwaka 2016 baraza la Waanglikana lililokutana Lusaka likaukubali ujumbe wake.

Katika nchi za Maziwa Makuu mgogoro huu haukuja kwa njia ya mitaguso. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na katika miaka iliyofuata uamsho ulianzia Gahini ukaenea Kigezi, Buganda, Burundi, Bukoba na Kenya. Walioguswa waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ungali ukiimbwa wanapokutana hadi leo. Kilichowashtua wamisionari na wachungaji kilikuwa hali ya watu waliobatizwa, walioijua katekisimu na waliokuwa na vyeo kanisani, kusimama na kukiri kwamba walikuwa na dini lakini hawakuwa na wokovu. Mwaka 1941 kundi la wanafunzi wa uamsho, akiwamo William Nagenda, lilifukuzwa kutoka chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya mikutano yao na ushuhuda wao mkali juu ya dhambi zilizovumiliwa chuoni.

Jambo la kuangaliwa sana katika uamsho huo ni namna neema ilivyoshuka hadi kwenye mambo ya mkononi. Balokole walizungumza juu ya kutembea nuruni, wakiwa na maana ya kutoficha kitu mbele za Mungu na mbele ya ndugu, na waliookoka wakawa wakirudisha vitu walivyoiba, wakilipa madeni ya zamani, wakiomba radhi kwa wake zao na kwa majirani, na Waafrika na Wazungu wakiungama wao kwa wao chuki na dharau walizokuwa wameficha. Hakuna aliyewaambia kwamba watasamehewa wakirudisha mali. Walirudisha kwa kuwa wamesamehewa, kama Zakayo ambaye Yesu aliingia nyumbani mwake kwanza, na hesabu ya kurudisha mara nne ikafuata. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, ndugu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo wakisema wamekwisha kufungwa na damu ya Kristo, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki za serikali, na baadhi yao waliuawa. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyeikimbia Uganda baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa mwezi Februari 1977, aliandika mwaka huo huo kitabu ambacho tangu kwenye jina lake kinatangaza kumpenda Idi Amin, mtawala wa nchi hiyo wakati huo, na utii wa namna hiyo hauelezeki kwa kitu kingine isipokuwa mtu aliyejiona mwenyewe kuwa amesamehewa deni kubwa zaidi. Mwezi Juni mwaka ule ule, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, naye mtu wa uamsho, alichaguliwa katika mkutano mkuu wa Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, shirika lile lile lililokuja kutia sahihi Augsburg.

Lakini hata uamsho haukukwepa njia ya Wagalatia. Katika miaka ya 1970 lilitokea ndani yake, nchini Uganda, kundi la Bazukufu, yaani walioamka tena, ambao kwa bidii ya kuupinga uvuguvugu walianza kumpima mtu aliyeokoka kwa mavazi yake na kwa kukataa kwake madeni, hadi ndugu wakagawanyika. Kila kizazi hujiwekea tohara yake. Hatari iliyo kubwa zaidi leo iko upande mwingine, kwa wahubiri wanaowaambia maskini kwamba baraka ya Mungu, uponyaji na hata kufunguliwa kutoka laana hupatikana kwa kupanda mbegu ya fedha madhabahuni, kiasi kikipangwa na mhubiri. Fundisho hilo halina tofauti ya msingi na vyeti alivyovipinga Luther, tena ni kali kuliko vyeti hivyo, kwa sababu vyeti vilikuwa na bei inayojulikana, ilhali mjane anayepanda mbegu akakosa mavuno huambiwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Kosa la kinyume, ambalo mchungaji wa Kilutheri Dietrich Bonhoeffer alilishambulia mwaka 1937 wakati wa utawala wa Hitler, ni kuhubiri msamaha usiomdai mtu toba wala kumfuata Kristo, kana kwamba neema ni ruhusa ya kubaki kama alivyokuwa. Bonhoeffer aliuawa na utawala huo mwezi Aprili 1945, hivyo maneno yake juu ya gharama ya utii hayakuwa ya mezani.

Mahali ambapo mambo haya yote hupimwa kwa Mkristo wa kawaida wa Tanzania au Kenya ni katika nidhamu ya kanisa, hususani desturi ya kumtenga mshiriki aliyeanguka na baadaye kumrudisha kundini. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa huondolewa katika kwaya na kwenye Meza ya Bwana, hukaa miezi kadhaa, huhudhuria mafundisho, kisha husimama mbele ya usharika kutubu, na mara nyingi husimama peke yake, kwa sababu mwanamume aliyehusika hajulikani au hatajwi. Nidhamu yenyewe ina msingi, kwa kuwa Paulo aliwaagiza Wakorintho wamtenge mtu aliyetenda dhambi ya wazi, na wanaokubali kwamba neema hubadilisha maisha hawawezi kukaa kimya anapopotea mwenzao. Lakini Paulo huyo huyo anawaandikia Wakorintho katika waraka wa pili kwamba mtu waliyemwadhibu ameadhibiwa vya kutosha, sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Miezi ya kungoja inapohesabiwa kama kifungo kinachotumikiwa hadi msamaha upatikane, mfuatano umepinduliwa, na msichana yule anafundishwa na kanisa lake kwamba Mungu anamngojea amalize kulipa. Wazee wa kanisa wanaomtembelea nyumbani tangu wiki ya kwanza, wakamsomea Injili, wakamhakikishia kwamba Kristo amekwisha kumpokea, wakamtafuta na yule mwanamume ili naye asimame, wanafanya kazi ile ile ya kutenga na kurudisha, lakini wanaianza kutoka upande ambao Mungu aliuanzia Misri, na toba atakayoisema msichana huyo mbele ya usharika itatoka kwa mtu anayejua kwamba amekwisha kupendwa.